Mtamba Aliyeachwa Nje ya Fomu

Jambo hili lote lilinigharimu fomu mbili zilizoharibika, mkungu mmoja wa ndizi za kupika, na usingizi wa wiki tisa. Nimehesabu mara mbili. Vingine vilivyopotea sikuvihesabu kwa sababu havikuwa vyangu.

Ninyi makarani mnaobaki mliniomba, kabla sijarudi kwenye kibanja changu cha migomba huko Kituntu, niwaandikie namna ya kumsaidia mwanafunzi kuchagua tuzo za kujaza kwenye fomu za chuo. Mlitegemea ukurasa mmoja. Hata mimi nilitegemea ukurasa mmoja. Lakini kila nikishika kalamu inakwenda kwa msichana yule yule. Basi nitamwandika yeye. Majina nimeyabadili, na nikisema Kimuli msiende Kimuli kumtafuta mtu. Nimezoea kujificha, na uzee haujaniondolea hilo.

Niliajiriwa mwaka wa sabini na nane. Kabla ya hapo nilikuwa gulioni nikiuza kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani kisha ikakaushwa, na senene msimu wake ukifika. Mkuu wa shule wa wakati huo alikuwa mteja wangu. Alijaribu kunipunja mara tatu akashindwa; mara ya nne akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia nimefika darasa la nane. Akasema shule inatafuta karani anayejua kuhesabu.

"Kuhesabu mara moja au mara mbili?" nikamuuliza.

Nadhani hapo ndipo nilipopata kazi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Byarugaba, karani mkuu, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwaka. Alinionyesha taipureta, nzito kama jiwe la kusagia, akaniambia nisiiguse mpaka niwe nimeifuta vumbi kwa wiki nzima. Muhuri wa shule aliuweka ndani ya kopo la tumbaku, na kopo akalifunga kwa kamba kwenye mkanda wake. "Muhuri haulali peke yake," alisema. Nilicheka. Yeye hakucheka. Mwaka ule ule vita vikaja, malori ya jeshi yakawa yanapita kutwa, na mimi nikajifunza kuchapa huku sikio moja likiwa barabarani. Mzee Byarugaba akachukua mafaili ya wanafunzi, akayafunga kwenye magunia ya kahawa na kuyafukia shambani mwa shule. Vita vilipokwisha tuliyafukua. Halikupungua hata moja, ila mchwa walikuwa wamemhamisha kijana mmoja kutoka Kidato cha Tatu kwenda kusikojulikana.

Ndiye aliyenifundisha habari za tuzo. Fomu za vyuo zilikuwa na sehemu yake: andika tuzo na heshima ulizopata. Walimu walisaini masomo na mkuu wa shule alisaini tabia, lakini sehemu hii hakuna aliyeitaka, ikaangukia kwa karani. Nikadhani kazi yake ni kunakili tu. Mzee Byarugaba akanirudishia fomu yangu ya kwanza.

"Mama Koku, tuzo ni kama mgeni. Usiulize tu amebeba nini. Uliza ametumwa na nani."

"Si wataangalia alichoshinda?"

"Huko fomu inakokwenda hawatasoma tuzo. Watamsoma aliyeitoa."

Nikaandika maneno hayo nyuma ya kalenda. Mengine nilijifunza mwenyewe. Usiandike mtu alikuwa wa kwanza bila kusema kati ya wangapi. Wa pili kati ya mia ni mkubwa kuliko wa kwanza kati ya watatu. Usiandike tuzo ambayo sahihi yake haisomeki. Tuzo ya kikundi, sema mwombaji alifanya nini humo ndani, maana kwaya nzima haiwezi kwenda chuoni. Kijana mmoja aliniletea kipaimara kama heshima. Nikamuuliza, "Ulimshinda nani?" Mwingine aliandika kwamba hajachapwa tangu Kidato cha Pili. Hiyo nilitaka kuiacha ibaki, kwa sababu kwa mwalimu wa zamu tuliyekuwa naye ilikuwa heshima ya kweli, ila ningeithibitishaje?

Mzee Byarugaba alistaafu akaniachia kopo la tumbaku pamoja na kamba yake. Miaka michache baadaye, mwaka wa themanini na nne, akaja Dafroza.

Alikuwa wa Kidato cha Nne, mrefu, mtulivu. Kwao ni Kimuli. Baba yake, Gerevazi, alivuka mpaka kabla Dafroza hajazaliwa, akaanza kama kibarua kwenye vibanja vya watu, akapalilia kahawa za wengine mpaka akapata mahali pake. Dafroza alitaka chuo cha uuguzi. Alama zake zilikuwa za katikati, hazikuwa za kumfukuza wala za kumwita. Kwa mtu wa namna hiyo, sehemu ya tuzo ndiyo mlango.

"Shikamoo, Mama Koku."

"Marahaba. Umeleta ngapi?"

"Nne."

"Hesabu tena."

"Ni nne tu, Mama, hata nikizihesabu mpaka jioni."

Alizifunga kwenye kitambaa. Ya kwanza, kiranja wa afya wa shule nzima. Ya pili, cheti cha somo la baiolojia, wa tatu kati ya mia na ishirini. Ya tatu, kwaya ya parokia, yeye akiwa kiongozi wa sauti ya pili. Ya nne ilikuwa kwenye fremu yenye kioo. Nikaipangusa. Ilisema Dafroza, akiwa darasa la saba, aliwashinda watoto wenzake sitini kwa utunzaji wa mbuzi, na akazawadiwa mtamba mmoja wa maziwa. Tuzo nzuri kuliko zote. Mtoto wa miaka kumi na nne kuaminiwa ng'ombe! Ndipo nikasoma juu kabisa palipoandikwa mtoaji: mradi wa mitamba kwa watoto wa wakimbizi. Chini, sahihi ya Bruda Anselmi wa misheni, inasomeka vizuri kuliko ilivyohitajika.

Nikainuka nikafunga mlango.

"Unasikia baridi, Mama?"

"Nani mwingine amekiona hiki?"

"Kila mtu. Kinakaa ukutani kwetu. Mgeni akija, Baba humsimamisha mbele yake kabla hajampa kiti."

"Dafroza, hapa pameandikwa wakimbizi."

"Ndiyo. Wa mradi ndio waliotoa madaftari na mablanketi. Baba akatuandikisha."

"Na kwa balozi wa nyumba kumi?"

"Kule pia alituandikisha. Kama wenyeji."

Gerevazi alikuwa mtu wa utaratibu: palipowekwa meza na daftari la majina, yeye alipanga foleni. Dafroza alizaliwa Kimuli, na kadi ya kliniki alikuwa nayo. Sheria ilimhesabu kuwa nani, sikujua. Niliowauliza nao hawakujua, ila kila mmoja alinijibu kwa kujiamini. Nilichokijua ni hiki: chuo kilichukua raia tu. Na muhula uliotangulia, gari lilikuja shuleni na wanaume wawili walioomba orodha ya wanafunzi wasio raia. Mkuu wa shule aliwaambia ataitafuta, akaitafuta muhula mzima. Hata hivyo msichana mmoja wa Kidato cha Pili hakurudi baada ya likizo. Tuliambiwa familia imehama. Godoro lake lilikaa bwenini limekunjwa, na hakuna mwenzake aliyethubutu kulichukua, ingawa lilikuwa bora kuliko yao.

Kwa hiyo mtamba akiandikwa, Dafroza angeweza kukosa chuo, na kwao wangeweza kukosa hata Kimuli. Asipoandikwa, amebaki na vyeti vya shule na kwaya.

Fomu zilikuja tatu kwa kila mwombaji. Ya kwanza nilichapa "tuzo ya ufugaji", nikanyamaza kuhusu mtoaji. Nilipoisoma tena nikaona ni upumbavu: mtu yeyote angeuliza nani anagawa ng'ombe kwa watoto wa shule, na sisi tungejibu nini? Nikaichana. Ya pili nilijaza tatu, mstari wa nne nikauacha mtupu. Kisha nikaona maandishi madogo chini: tuzo zinazotakiwa ni nne, nafasi itakayoachwa wazi itolewe maelezo. Ya pili nayo ikaenda. Ikabaki moja.

Niliikalia siku mbili. Mahali pa sahihi yangu palisema, nathibitisha kwamba yaliyoandikwa hapo juu ni ya kweli. Nikasoma mara mbili, kama bei iliyobandikwa na mtu nisiyemwamini. Yaliyoandikwa. Haikusema yote. Wanataka nne, nikiwa na tano za kweli, ni lazima moja ibaki nje, na kuchagua si kudanganya. Nilichohitaji ni ya tano.

"Likizo huwa unafanya nini?" nikamuuliza Dafroza.

"Nachota maji, nakata majani ya ng'ombe."

"Mwaka wa surua ulikuwa wapi?"

"Zahanati. Nilikuwa namwandikia Dokta majina ya watoto."

Kesho yake nilikwenda Kimuli. Dokta, tuliyemwita hivyo ingawa alikuwa tabibu wa zahanati, alinisikiliza huku akichemsha sindano.

"Mama Koku, mimi siandiki barua za sifa. Nikianza na mmoja watakuja mia."

"Surua ilipoingia, nani alikuandikia majina?"

"Yule binti wa Gerevazi."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja. Tena watatu waliokuwa wamekosewa umri ni yeye aliyewaona."

"Basi andika hayo hayo uliyoniambia. Usiongeze sifa hata moja."

Akafikiri. "Wino ni ghali siku hizi."

"Unataka nini?"

"Mikungu miwili."

"Kwa karatasi moja? Ungekuwa umeandika kitabu ningekuletea shamba. Nusu mkungu."

"Hakuna nusu mkungu, mama wee!"

"Kisu kipo."

Tukaishia mkungu mmoja, wa kupika, usio na doa. Mniambie kama hiyo ni rushwa, nimejiuliza sana. Kilichoandikwa kilikuwa kweli, siku kumi na moja, watoto mia mbili na nne. Nilikwenda kuhesabu kwenye daftari lake.

Kutoka hapo nilipanda kwa Gerevazi kumweleza. Nilijua kwake kutakuwa kugumu kuliko kwa Dokta. Alinisimamisha mbele ya ukuta palipokuwa na cheti na sasa palikuwa na msumari tu, akanipa kiti, akanipa maziwa. Kabla hajanywa yake alisema, "Yampaye inka, Bruda Anselmi!" Yaani, alinipa ng'ombe. Ndiyo desturi ya watu wake: aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa, mbele za watu, maisha yake yote. Akishangaa humtaja. Akikubaliana bei humtaja. Dafroza aliniambia baba yake aliwahi kumtaja hata alipojikwaa.

"Mzee," nikasema, "mtamba tumemwacha nje ya fomu."

"Nje wapi?"

"Hatumwandiki. Wala Bruda hatumtaji."

Akaweka kikombe chini. "Mama Koku, ningekuibia kuku ungesema mimi mwizi. Sasa wewe unamwibia Bruda jina lake."

"Jina lake lina neno wakimbizi juu yake. Wakilisoma, binti haendi chuo, na ninyi hapa sijui mtaamkia wapi."

"Maziwa yake ndiyo yaliyolipa karo. Ng'ombe anajua."

Dafroza, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Baba, si ng'ombe anayekwenda kusoma uuguzi."

"Na wewe usingekwenda bila ng'ombe."

Mama yake Dafroza, aliyekuwa akimenya ndizi muda wote, ndiye aliyekata shauri. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye amekwisha kuhama mara moja katika maisha yake, usiku, akiwa na mimba, na hatahama tena kwa ajili ya karatasi. Gerevazi akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Cheti kibaki kwako basi. Utakirudisha lini?"

"Jibu likitoka."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Nilichapa fomu ya tatu pole pole, herufi moja moja, nikaigonga muhuri, nikaituma. Cheti nilikitoa kwenye fremu nikakitia ndani ya mkoba wangu. Kwenye kabati la ofisi nisingethubutu, mkuu wa shule alikuwa na ufunguo na hofu zake. Nyumbani nako, panya. Nikawa natembea nacho. Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mlikumbuke hili hata mkisahau mengine: karatasi unayoificha usitembee nayo.

Waombaji waliitwa kwenye usaili mjini Kayanga, kila mmoja na mzazi wake na karani wa shule yake. Meza moja, watu watatu: matroni wa chuo, aliyekuwa mwanamke mnene mwenye miwani, mwalimu wake mmoja, na bwana mmoja wa ofisi ya wilaya, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni. Wa kalamu mbili simwamini tangu gulioni.

Matroni alisoma mistari yote minne, akakaa sana kwenye ule wa surua. Akamuuliza Dafroza, mtoto akiletwa na mama hajui umri wake ulifanyaje? "Nilimuuliza kama alizaliwa kabla ya kahawa kuvunwa au baada," Dafroza akajibu, "na wa jirani aliyezaliwa naye ni nani." Matroni akaandika. Mimi kwa mara ya kwanza nikavuta pumzi mpaka chini.

Ndipo yule bwana akamgeukia Gerevazi, kwa upole kabisa.

"Mzee, mafunzo ni ya miaka. Una uhakika utamhudumia binti mpaka mwisho?"

Swali la kawaida. Alikuwa amemuuliza kila mzazi. Gerevazi akasimama, akavua kofia, akainua mkono.

"Yampaye inka, Bruda Anselmi! Maziwa yapo!"

"Bruda nani?"

"Anselmi. Aliyenipa ng'ombe. Yaani alimpa huyu, alipowashinda wenzake sitini."

Bwana akaipitia fomu. "Sioni ng'ombe hapa."

"Hayupo hapo. Cheti chake anacho Mama Koku." Akanionyesha kwa kidole, kwa furaha, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Kipo ndani ya mkoba ule."

Sikumchukia. Hata wakati ule sikumchukia. Alikuwa amebanwa siku nyingi na jina la mtu aliyemtendea wema, na alipoulizwa likatoka. Dafroza alitazama sakafu.

"Karani," akasema yule bwana, "unalijua jambo hili?"

"Fomu iliomba nne, mheshimiwa. Tulikuwa na tano."

Matroni akacheka. "Kweli, tuliomba nne."

Bwana hakucheka. Akanyoosha mkono. "Nione ya tano."

Nikafungua mkoba. Nilitafuta kwa muda mrefu kitu nilichokuwa nakigusa tayari. Akakipokea, akasoma juu, akasoma chini, akarudi juu. Alisoma mara mbili, nilihesabu. Akakikunja mara nne, akakitia mfuko wa ndani wa koti, mbali na zile karatasi nyingine.

"Nitalifanyia kazi," akasema.

Ninyi ni makarani, mnajua hakuna maneno ya kutisha kuliko hayo. Mtu akikutukana unajua umefika wapi.

Kisha wiki tisa. Nilikuwa nikisikia gari naacha kuchapa. Mkuu wa shule alikuja mezani kwangu, akasimama kama mwanafunzi.

"Mama Koku, ukiulizwa, mimi sikujua."

"Hukujua, Mkuu."

"Lakini kweli sikujua!"

"Basi shida iko wapi?"

Akaondoka, akarudi. "Ungeniambia nisijue mapema." Mpaka leo sijaelewa alitaka nini, ila nilimhurumia, alikuwa na watoto saba.

Huko Kimuli, mama yake Dafroza alifunga vyombo kwenye mkeka na akawa anapika kwa kuvitoa humo humo, akitoa sufuria na kuirudisha. Gerevazi hakukubali kwamba amekosea. "Nimemtaja aliyenipa," alisema. "Kosa liko wapi?" Lakini nilisikia kwamba alianza kumtaja Bruda kwa sauti ya chini, akitazama barabarani kwanza.

Wiki ya tisa barua ikaja. Niliifungua nikaisoma, nikaisoma tena, nikatoka nje kuisomea kwenye jua. Dafroza amekubaliwa. Matroni alikuwa ameongeza kwa mkono wake: njoo na ile hesabu yako ya kahawa. Tulipiga vigelegele ofisini mpaka mwalimu wa zamu akaja na fimbo. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuisha. Karatasi ilikuwa bado huko. Dafroza alimaliza, akapangiwa hospitali mkoa mwingine, akaolewa, na kila alipopandishwa au kuhamishwa aliniandikia swali lile lile: limesikika lolote? Nami nilimjibu bado, kama mtu anayesubiri mkopo. Nilimkuta yule bwana gulioni zaidi ya mara moja. Tuliamkiana. Aliuliza habari za kazi, akapapasa ndizi, akaondoka. Nilikuwa narudi nyumbani nikiwa sijanunua nilichofuata.

Ikaja miaka ya tisini, watu wakavuka mpaka kwa maelfu na mablanketi kichwani, na baada yao wakaja waulizaji wa vyeti: umezaliwa wapi, babu yako anaitwa nani, nani anakufahamu. Jirani yake Gerevazi, wa kijiji cha pili, Kibingo, aliitwa ofisini jembe likiwa bado na udongo. Alirudi siku ya nne. Wengine walioitwa siku ile hawakurudi. Kwa Gerevazi waliingia mara moja, wakatazama ukuta. Palikuwa na msumari tu. Wakanywa maziwa wakaenda. Mkewe alinihadithia haya ameshika mkono wangu, na hakuuachia mpaka alipomaliza.

Na bado Gerevazi, kila ng'ombe wake akizaa, na sasa ni wajukuu wa yule mtamba, alinitumia salamu: cheti changu?

Yule bwana wa suti amefariki mwaka huu. Wiki yangu ya mwisho kazini, mjane wake alikuja shuleni akiwa bado na nguo za msiba, akanipa bahasha aliyoitoa kwenye sanduku la nguo za marehemu, iliyoandikwa "Karani". Ndani yake kilikuwa hicho hicho, kimekunjwa mara nne. Nikakiangalia kama ninavyoangalia karatasi yoyote. Hakina tundu la panchi. Hakina namba ya folio. Hakina muhuri wa kupokelewa. Nikakigeuza, nikakiangalia tena. Hakikuwahi kuingia kwenye faili lolote. Miaka kumi na minne tuliogopa kabati la serikali, nacho kilikuwa kwenye sanduku la nguo za mtu, labda kwa huruma, labda kwa kuweka akiba ya kututisha siku moja. Sitajua.

"Marehemu alisema umpe mwenyewe," mjane akasema.

"Mwenyewe yupi, waitu?" nikamuuliza kwa heshima ya kwetu.

"Hakusema."

Nilimwandikia Dafroza. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: kichome, Mama, nina watoto wawili. Jina lililo kwenye cheti ni lake. Nilimpelekea Gerevazi salamu, nikapata jibu siku hiyo hiyo: nilikupa kwa mkono wangu, nirudishie kwa mkono wako, nataka Bruda aonekane nyumbani mwangu kabla sijafa. Ahadi nilimpa yeye. Na waulizaji hawajaacha kupita Kimuli.

Nimewafundisha mengi kwa kujifanya najua, lakini hili silijui. Nikikichoma, nimemwibia mzee jina ambalo amelibeba kwa heshima kuliko sisi tunavyobeba vyeo vyetu. Nikikirudisha, atakitundika, namjua, na atamsimamisha mbele yake kila atakayeingia, hata wenye kalamu mbili. Mwenzenu nimekaa nacho chini ya godoro na simwambii hata binti yangu Koku. Basi nishaurini, mmoja mmoja, kwa barua, na juu ya bahasha msiandike jina la mtu yeyote ila langu. Msikawie. Dafroza anakuja likizo mwezi wa sita kuhakikisha nimekichoma, na Gerevazi amekwisha kununua kioo kipya cha fremu.